Jioni Sita za Klopp Katika Ukumbi wa Mpira wa Majengo

Ukumbi huu uko ndani ya kichochoro kimoja cha Majengo, Mombasa, nyuma ya wauza viazi karai, na kwa miaka mingi nimeujua kama mahali pa kutazamia mechi za mwisho wa wiki tu. Ligi zilipokuwa mapumzikoni, mwenye ukumbi aliamua kuonyesha, kwa Ijumaa sita mfululizo, mechi zilizorekodiwa za timu alizozifundisha kocha Mjerumani Jürgen Klopp, kwa kiingilio cha shilingi 50. Nilihudhuria jioni zote sita, nami naandika kwa ajili ya wale wanaojiuliza kama kuna haja ya kulipia mechi ambazo matokeo yake yanajulikana hata na watoto wa chuoni.

Uamuzi wa busara kuliko yote ulikuwa kuanzia Mainz, klabu ya Ujerumani. Mashabiki wengi wa Liverpool hapa pwani walimfahamu Klopp alipowasili Uingereza Oktoba 2015, kana kwamba alizaliwa akiwa kocha, na kofia kichwani. Jioni ya kwanza ilituonyesha mtu mwingine kabisa: mchezaji wa daraja la pili aliyeichezea Mainz tangu 1990, kwanza akiwa mshambuliaji kisha beki wa kulia, na ambaye Februari 2001, timu ikiwa hatarini kushuka, alitolewa miongoni mwa wachezaji wenzake na kukabidhiwa ukocha moja kwa moja. Aliiokoa. Mwaka 2002 timu ilikosa kupanda daraja kwa pointi moja, na mwaka 2003 ikakosa tena, safari hii kwa bao moja tu la tofauti ya mabao, baada ya Frankfurt kufunga katika dakika za nyongeza kwenye uwanja mwingine. Ndipo 2004 Mainz ikaingia Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Kijana aliyeketi mbele yangu aliuliza, "Mzee, mbona hawakumfuta baada ya mara ya pili?" Swali lilimwendea mzee aliyealikwa kutoa maelezo, kocha mstaafu wa timu za mtaani, naye akajibu, "Mwanangu, hao walimjua tangu akiwa beki. Hapa kwetu angefutwa kwa sare ya pili." Ukumbi mzima ulicheka, ingawa wapo walioinamisha vichwa.

Mzee huyo ndiye thamani halisi ya kiingilio. Husimamisha picha, hupanga vizibo vya soda juu ya meza, kisha hueleza kwa nini wachezaji wa Klopp wakipoteza mpira hawarudi nyuma bali humvamia papo hapo aliyeunyakua: mtu huyo bado hajainua kichwa kuona wenzake walipo, na timu yake imeshaanza kufunguka kwenda kushambulia, kwa hiyo mpira ukirudi hapo njia ya goli huwa wazi. Alitukumbusha pia kwamba msingi wa ukabaji huo Klopp aliupata kwa Wolfgang Frank, kocha wake wa Mainz. Baina ya maelezo alichepuka kidogo, maana kwa watu wa rika lake kocha wa Kijerumani ni Reinhard Fabisch, aliyeifikisha Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, fainali ya Michezo ya Afrika ya 1987 pale Kasarani, ambako tulifungwa na Misri 1-0. Sikuona ubaya wa mchepuko huo.

Jioni ya Dortmund ilinivunja moyo. Tulionyeshwa ubingwa wa Bundesliga wa 2011 na 2012, Bayern wakipigwa 5-2 katika fainali ya Kombe la Ujerumani, na mabao manne ya Lewandowski dhidi ya Real Madrid, lakini msimu wa 2014/15, ambao timu ilifika mkiani mwa ligi mwezi Februari kabla ya kujikokota hadi nafasi ya saba, uliachwa wote. Ukumbi ulioanza kwa ujasiri wa kuonyesha mtu akikosa haukupaswa kuuruka msimu huo.

Ijumaa ya tano ilifidia. Ilikuwa mechi ya Mei 7, 2019, marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Liverpool ikiwa nyuma kwa 3-0 za mechi ya kwanza mbele ya Barcelona, bila Salah wala Firmino. Ninaijua mechi hiyo kwa moyo, hata hivyo kona ile ya haraka ya Alexander-Arnold ilipomfikia Divock Origi, na bao la nne likaingia, watu walisimama juu ya mabenchi kana kwamba mechi inachezwa Tononoka. Baba yake Origi, Mike Okoth, aliwahi kuichezea Harambee Stars, kwa hiyo shangwe ilikuwa na udugu ndani yake. Katika fainali ya Madrid dhidi ya Tottenham, iliyomalizika 2-0, Origi alifunga bao la pili huku Mkenya Victor Wanyama akiwa benchi la upande wa pili, na ukumbi ukagawanyika kwa dakika kadhaa kuhusu nani hasa alistahili kuonewa huruma.

Ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza wa 2020, wa pointi 99, ulioondoa kiu ya miaka 30, ulipitishwa upesi pamoja na kuondoka kwake Mei 2024.

Kuhusu huduma yenyewe, picha ni safi, na husimamishwa kwa ajili ya swala ya Isha bila mtu kulalamika. Spika ya kushoto hukwaruza. Feni mbili hazitoshi kwa umati ule, mabenchi ya nyuma hayana egemeo, na kahawa tungu huisha kabla ya kipindi cha pili. Anayetoka Likoni afikirie foleni ya feri, kwani jioni hazimaliziki kabla ya saa nne na nusu. Aje mapema, akae kulia, karibu na meza ya vizibo.