Farasi wangu kijana alikuwa akisimama wima kila tukitoka nje: uzoefu wangu na mwalimu niliyemwita

Karafuu ana miaka minne. Nilimleta Kigamboni kutoka Arusha akiwa na mitatu, dume aliyehasiwa, rangi yake ya karafuu kavu ndiyo iliyompa jina. Ndani ya uwanja hana neno. Anazunguka, anakwenda matiti, yaani mwendo wa kukimbia polepole, ukimwambia simama anasimama. Shida ilikuwa nje. Tukishatoka getini, kabla hatujafika pale njia ya vumbi inapokutana na lami, anaanza kufupisha hatua. Shingo inapanda, mgongo unakakamaa. Kisha anasita, na akishasita anainuka kwa miguu ya nyuma.

Mara ya tatu ndiyo iliyonitisha. Kulikuwa na turubai la muuza mahindi linapigwa na upepo, bodaboda wawili wanapishana, na Karafuu akapanda juu mpaka shingo yake ikanigonga mdomoni. Nikaonja damu. Nilichofanya ni kile ambacho mwili wa mtu yeyote hufanya akihisi anaanguka: nikashikilia hatamu. Maana yake nilikuwa namvuta nyuma farasi ambaye tayari ameegemea nyuma. Nikasikia kwato moja ikiteleza kwenye kokoto. Hakuanguka, namshukuru Mungu, maana farasi wa kilo kama 400 akikuangukia kinyumenyume, kofia ngumu pekee haikuokoi.

Kabla ya huyu mwalimu ninayeandika habari zake leo, nilimlipa mtu mwingine ambaye jina lake silitaji. Alikuja na dawa mbili: lijamu kali zaidi, yaani kile chuma cha mdomoni, na fimbo ya kumpiga kati ya masikio kila anapoinuka. Siku tatu. Baada ya hapo Karafuu alikuwa anainuka vilevile, na juu yake akawa hataki mtu aguse kichwa chake hata kumvisha hatamu bandani. Saisi wangu, mtunza farasi, mzee aliyekaa nao tangu ujana wake, aliniambia, "Mwanangu, huyu mnyama hapigani na wewe. Kuna kinachomuuma." Sikumsikiliza upesi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwalimu niliyempata baadaye ni mwanamke, anafundisha watu kupanda na anafuata farasi wenye matatizo huko huko waliko. Anatoza shilingi 60,000 kwa kipindi, nauli juu yako. Siku mbili za kwanza hakumpanda kabisa. Nasema kweli nilihisi pesa yangu inapotea. Nilimuuliza, "Dada, utapanda lini?" Akajibu, "Kaka, wewe panda, mimi nitazame." Akanitazama nikizunguka uwanjani dakika ishirini, kisha akaniambia nishuke, nitoe tandiko, nisimpanguse.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miezi yote. Mgongo mzima ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa sehemu mbili kavu, kila upande wa juu ya mabega, kila moja upana wa kiganja. Akaweka kidole pale, Karafuu akainama chini ya kidole kama anakwepa. Akanieleza kwamba tandiko likibana sana mahali pamoja, ngozi ya pale haitoi jasho kama inavyopaswa. Tandiko lile nililinunua la mtumba, likamtosha alipokuja. Farasi wa miaka mitatu na wa minne si mwili mmoja. Alikuwa amepanuka mabega, mimi naendelea kumfunga nguo ya mwaka jana.

Kisha mdomo. Aliniagiza nimwite daktari wa mifugo anayejua meno ya farasi, na akakataa kuendelea na lijamu mpaka daktari apite. Daktari akamchoma sindano ya kumtuliza, akaingiza mkono, akanionyesha vijino viwili vidogo taya ya juu, mbele kabisa ya magego, pale pale lijamu linapokaa. Farasi wengi huwa navyo, havina kazi yoyote, na kwa wengine haviwasumbui. Kwa Karafuu kimoja kilikuwa kinaguswa na chuma kila ninapovuta. Vikang'olewa kwa ganzi. Umri huu pia ndio wa kudondosha meno ya utoto, yanaendelea kutoka mpaka farasi afikishe karibu miaka minne na nusu, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa na kidonda juu ya kidonda. Na mimi nilikuwa nimeongezewa lijamu kali!

Tukampumzisha siku kumi. Katika siku hizo mwalimu alibadilisha pia maisha ya kila siku ya Karafuu. Alikuwa anakaa bandani karibu muda wote, anakula mahindi na pumba kama farasi anayefanya kazi ya kutwa. Tukapunguza nafaka, tukaongeza majani, na akawa anashinda nje na Malkia, jike wangu mtu mzima.

Sehemu niliyojifunza zaidi ni ya njiani. Hatukuanza kwa kupanda. Alimvisha hatamu ndefu, akatembea nyuma yake kwa miguu, na kumwongoza getini, njiani, hadi kwenye lami na kurudi, saa kumi na mbili asubuhi kabla bodaboda hawajawa wengi. Mimi mbele na Malkia. Siku ya kwanza tulifika kwenye mwembe tu, mita kama mia mbili. Akasimama, akamwacha atazame, akamgeuza akiwa bado ametulia. Alisisitiza hilo: ukimrudisha nyumbani baada ya kuinuka, umemlipa kwa kuinuka. Mrudishe akiwa mtulivu, hata kama mmetembea hatua thelathini.

Nilipopanda tena alinifundisha kusoma kinachotangulia. Farasi anayekwenda mbele hawezi kusimama wima. Lazima kwanza asite, akusanye miguu ya nyuma chini ya tumbo. Kwa Karafuu kuna dalili ndogo kabla ya hapo: sikio la kushoto linarudi nyuma na linabaki huko, na hatua zinakuwa nzito kama anatembea kwenye tope. Ukiiona, usimvute. Legeza mkono, mgeuze upande mmoja, mpe kazi ya miguu, aendelee kusogea. Na ikiwa umechelewa na ameshapanda, inama mbele, kumbatia shingo, shika manyoya yake, hatamu ziachie kabisa. Akitua tu, mpeleke mbele. Nilikuwa nambana kwa miguu aende huku mikono yangu inamzuia kwa woga. Nilimfungia mlango wa mbele na wa nyuma, akatafuta wa juu.

Jumla tulifanya vipindi 14 katika wiki tisa, shilingi 840,000, ukiacha daktari na tandiko jingine. Si pesa ndogo. Ila nikijumlisha nilichompa yule wa kwanza, na siku nilizoshindwa kuwapandisha wageni ufukweni, sioni kama nimelipa ghali.

Kasoro zipo. Anachelewa. Mara nne alifika jua limeshapanda kwa foleni ya kivuko, ndipo tukakubaliana apite Daraja la Nyerere na mimi nilipe ushuru wa kupita. Haandiki chochote, kila anachosema kiko kichwani mwake, kwa hiyo jiandae na daftari. Na maneno yake ni makali kwa mwenye farasi, ingawa kwa farasi sijamsikia akipaza sauti hata mara moja. Mtu anayetaka mnyama wake anyooshwe kwa siku tatu asimwite, watagombana.

Karafuu hajapona kwa maana ya kusahau. Tangu kipindi cha sita ameinuka mara moja, kwa chini, gari la mchanga lilipopiga honi nyuma yetu, nikalegeza akashuka akatembea. Mgeni simpandishi juu yake, na mwalimu ameniambia nisifikirie hilo kabla ya mwaka kuisha. Ila wiki iliyopita tulifika ufukwe wa Mjimwema maji yakiwa yamekupwa, mchanga umekazana, akaenda matiti kandokando ya Malkia, masikio yote mawili mbele. Yule mzee, saisi wangu, alikuwa anatusubiri na ndoo ya maji. Alimpapasa kichwa, pale pale alipokuwa hataki kuguswa, na Karafuu akashusha pua kifuani mwake.

Jumamosi hii tunamtoa peke yake, bila Malkia. Mwalimu amesema atatembea pembeni kwa miguu mpaka kwenye mwembe.