Fungu la Kwale kwa dau: subiri bamvu, na mawani chukua yako

Jamani mie mtoto wa Ng'ambo, Unguja mjini, miaka yote nilikua naona haya mambo ya kupelekwa fungu, kile kisiwa cha mchanga kinachotokeza maji yakitoka, ni ya wazungu tu, sie pwani si tunayo mlangoni. Mpaka shangazi yangu akaja kutoka Wete, Pemba, mwezi wa tisa akasema safari hii nataka mnitembeze kweli, sio mnipeleke Forodhani mkanilishe mishkaki mkasema mmenitembeza. Basi.

Mwanzo tulitaka fungu la Nakupenda, liko karibu, unapanda boti hapo hapo mjini unapitia na kisiwa cha Changuu kuwaona kobe, lakini Jumapili pale pamekua kama soko, boti zimejipanga mpaka unatafuta pa kutia mguu. Tukaenda zetu Fumba kupanda boti la kwenda kisiwa cha Kwale na fungu lake, dau la tanga lenye mashine ndogo nyuma, tuko watu saba na watoto watatu ndani yake, bei ya wenyeji tulipatana elfu hamsini mtu mzima na chakula juu yao. Wenye dau siwataji, mana nina sifa na nina lawama.

Sifa zote za nahodha. Nilipompigia kuuliza Jumapili ipi ana nafasi hata hakunijibu habari ya nafasi, kaniuliza leo mwezi ngapi, nikamwambia kumi na sijui ngapi, akacheka, akasema mie nauliza mwezi wa kuandama, njooni mwezi kumi na sita, huku kwetu bamvu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanakupwa saa nne saa tano asubuhi kwahiyo fungu mnalipata zima, alasiri yakijaa nawatia kwenye mikoko ya Kwale mkaogelee, ila mkija maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, asubuhi hiyo hiyo ndo yamejaa, mtalipa pesa mje kuangalia kijimchanga. Angeweza kuchukua pesa yangu wiki ile ile na nisingejua kitu. Wengine wanachukua.

Na kweli tulivofika fungu lilikua refu, jeupe, mchanga umejikunja mistari mistari vile maji yalivotoka, hakuna mti hakuna kibanda (wala choo, malizeni shughuli zenu Fumba). Nahodha kashuka na pondo yake, ule mti wa kusukumia dau, kaichomeka pale maji yalipoishia, kasema maji yakipita hapa nusu pondo tunaondoka, msinibishie. Tukatandika mkeka juu huko mbali, watoto wakachimba mashimo, shangazi kajifunga kanga kakaa kwenye maji mpaka kifuani katulia kimya kama saa nzima, mtu ambae nyumbani hanyamazi. Sijui nilisinzia vipi, nikageuka naona pondo ishazungukwa, mara mkeka umerowa pembe moja, tunakusanya vyombo mbio na viatu vya mtoto vishaanza kuelea. Kwenye dau tukatazama nyuma, fungu limebaki kama mgongo wa nguru, halafu halipo.

Chakula tulikula Kwale chini ya mti. Changu wa kuchoma, kamba, ngisi, wali wa nazi, sosi ya ukwaju ambayo nilimwagia mpaka tikiti maji. Pweza shangazi kamrudisha, kasema huyu hajapigwa akapigika, akamwita mpishi akamuelekeza, na yule kijana kwa adabu zake kaitika "naam bibi" mpaka mwisho. Upo na mbuyu mkubwa umeanguka lakini bado unachipua, watoto hawakutaka kushuka. Mikoko ilikua kama alivosema nahodha, maji yamejaa, ya uvuguvugu.

Sasa lawama. Laifu jaketi ya mtoto ilikua moja na watoto watatu, wawili wamevishwa za watu wazima zikafungwa kamba kiunoni, hili halina utani na nimewaambia uso kwa uso. Mawani ya kuzamia yote yanavuja, mpira umekakamaa, nimeangalia samaki kwa jicho moja. Turubai la kivuli dogo, limefunika watu wanne, na jua la pale fungu linakupiga juu na chini. Halafu tunashuka Fumba ndo tunaambiwa ada ya hifadhi bado. Najua ghuba hii ya Menai ni hifadhi tangu 1997 na ada ni haki yake, sikatai kulipa, lakini si ungenambia kwenye simu nikaja na pesa kamili, nimekopa kwa shangazi mbele za watu.

Kurudi mashine ilizimwa wakatweka tanga, upepo wa kusi ulikua mpole, unasikia maji tu yanapita ubavuni na kijana mmoja anakumba maji kwa kopo la rangi. Dakika zile peke yake zilikua na thamani ya elfu hamsini.

Nawapa saba kwa kumi, wakinunua jaketi za watoto nawapa tisa. Shangazi kasema atarudi bamvu la mwezi ujao na pweza wake kampiga mwenyewe nyumbani, na mie mawani nishaulizia bei Darajani.