Sindano ya PRP ya goti: tathmini kwa mgonjwa wa Malindi na Amu (Lamu)

Tunaipa nyota tatu kati ya tano, na zinaweza kushuka hadi moja kutegemea umeingia chumba cha nani. PRP ni plazma ya damu yako mwenyewe iliyosheheni chembe sahani, zile chembe ndogo zinazogandisha damu ukijikata. Damu hutolewa mkononi, huzungushwa kwenye mashine, kisha sehemu ya manjano huchomwa ndani ya goti linalouma kwa kulika. Panadoli ina miligramu zilizoandikwa kwenye pakiti. Hii haina pakiti wala miligramu, kwa hiyo wagonjwa wawili wanaweza kulipia jina moja wakachomwa vitu viwili tofauti kabisa.

Ukiambiwa inaotesha upya gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, ondoka. Goti lililolika halirudi kuwa la kijana. Chembe sahani zikishaingia kiungoni humwaga protini zinazotuliza uvimbe wa ndani, na maumivu hupungua kwa baadhi ya watu. Nafuu huanza kuonekana wiki ya nne hadi ya sita, huwa kubwa zaidi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, halafu hufifia. Mwenye kupata mwaka mzima ashukuru.

Ushahidi nao umegawanyika, na muuzaji atakusomea nusu moja tu. Mwaka 2021 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Australia ulioongozwa na Kim Bennell wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Watu 288 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walichomwa sindano tatu, moja kila wiki, wengine PRP na wengine maji ya chumvi, bila kujua nani kapata nini. Baada ya miezi 12, maumivu kwenye kipimo cha 0 hadi 10 yalishuka kwa 2.1 kwa waliopata PRP na kwa 1.8 kwa waliopata maji ya chumvi, tofauti isiyo na maana kitabibu. Gegedu liliendelea kupungua pande zote mbili.

Watetezi wa PRP walijibu kwamba kipimo kilikuwa kidogo: chembe sahani zipatazo 325,000 kwa kila maikrolita, ndani ya mililita 5. Ukizidisha unapata kama bilioni 1.6 kwa sindano. Mwaka huo huo utafiti wa India wenye wagonjwa 150 ulitumia chembe bilioni 10 ndani ya mililita 8, na baada ya mwaka PRP iliipita sindano ya asidi ya haialuroni, kilainishi cha kiungo. Hoja ya kipimo tunaiona ina uzito, ila utafiti huo haukulinganisha na maji ya chumvi, kwa hiyo kesi haijafungwa. Chuo cha Marekani cha madaktari wa baridi yabisi, katika mwongozo wake wa 2019, kinaikataza kwa nguvu kwa goti, sababu kubwa ikiwa kila mtu anaiandaa kivyake. Chama cha madaktari wa mifupa wa huko huko Marekani, 2021, kilisema inaweza kupunguza maumivu, lakini kikaupa ushauri huo nguvu ndogo.

Hesabu ifuatayo ifanye nyumbani kabla hujatoa hata shilingi. Pima hemogramu, kipimo cha kawaida kabisa cha maabara, utazame mstari wa chembe sahani. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa maikrolita. Tuseme zako ni 250,000. Mililita moja ina maikrolita 1,000, kwa hiyo mililita 10 za damu, yaani mrija mmoja, zina chembe bilioni 2.5 kwa jumla. Hata mashine ingezivuna zote bila kupoteza moja, na hakuna mashine ya namna hiyo, bilioni 10 haziwezi kutoka humo. Mililita 60 zina bilioni 15, na ukivuna theluthi mbili umefika. Basi anayetoa mrija mmoja mdogo na kukuahidi kipimo cha juu anauza asichokuwa nacho. Tukilazimika kuuliza swali moja tu, tungeuliza hili: mnatoa damu mililita ngapi?

La pili ni mashine. Zile ndogo za mezani huandikwa mizunguko kwa dakika, na fundi wa maabara atakwambia "tunazungusha elfu tatu" kana kwamba jibu limekamilika. Kinachotenganisha damu ni nguvu ya kusukumia nje inayotokana na mzunguko, nayo hutegemea pia umbali wa mrija kutoka katikati ya mashine. Mizunguko 3,000 kwenye mkono wa sentimita 10 inatoa mara 1,000 hivi ya mvuto wa dunia. Kwenye mkono wa sentimita 15 inatoa 1,500. Kanuni iliyonakiliwa kutoka mashine ya mtu mwingine bila kupima mkono huo ni kubahatisha.

Njia tunayoipendelea huzungusha mara mbili. Mzunguko wa kwanza ni wa polepole: chembe nyekundu hutuama chini, plazma ya manjano hubaki juu, na katikati hukaa utando mwembamba mweupe. Ukizungusha kwa nguvu mno hapa, chembe sahani huzama pamoja na nyekundu na unabaki na maji ya manjano matupu. Plazma huhamishiwa mrija wa pili na kuzungushwa kwa kasi zaidi, nazo chembe sahani hushuka na kuwa kifungo kidogo chini. Theluthi mbili za juu, ambazo ni plazma yenye chembe sahani chache, huondolewa. Kifungo huchanganywa taratibu na kilichobaki, na hicho ndicho cha kuchoma. Kosa tunalolichukia zaidi ni mtu kuvuta ile sehemu ya juu kwa sababu inapendeza macho.

Rangi nayo inasema. Manjano ya majani makavu ni nzuri. Pinki au nyekundu maana yake chembe nyekundu zimeingia, na hizo huchokoza utando wa ndani wa goti. Chembe nyeupe nyingi pia zinaaminika kuongeza maumivu ya siku za mwanzo, ndiyo maana kwa goti wengi huchagua PRP isiyo na nyeupe nyingi. Damu itolewe kwa sindano pana ya geji 21, iingie kwenye mrija wenye sitreti ya kuzuia kuganda, na mrija ugeuzwe polepole mara nane hadi kumi. Usitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi. Mrija mkavu usio na sitreti haufai: damu huganda, chembe sahani hunaswa ndani ya bonge, na unachochomwa ni maji ya juu.

Sasa mambo ya kwetu Pwani. Chembe sahani hupenda nyuzi 20 hadi 24, joto ambalo benki za damu hulitumia kuzihifadhi. Chumba cha Malindi cha mwezi wa Februari kisicho na kiyoyozi hupita hapo kwa joto. Kosa la upande wa pili ni kuweka mirija kwenye kibaridi chenye barafu kana kwamba ni samaki. Baridi huziamsha chembe kabla ya wakati. Damu izungushwe na kuchomwa jengo lile lile, saa ile ile. Isipelekwe Mombasa kuandaliwa na kurudishwa. Stima ikipotea mzunguko ukiwa katikati, usikubali wamalizie dakika zilizobaki kwa kukisia. Kliniki makini ina jenereta au betri ya akiba, na swali hilo halimuudhi yeyote.

Kabla ya siku yenyewe, diklofenaki na ibuprofeni ziachwe kwa wiki moja, kwa sababu huzilaza chembe sahani unazokwenda kuzilipia. Aspirini huzizima kwa maisha yake yote, siku 7 hadi 10. Lakini aliyepewa aspirini kwa ajili ya moyo asiiguse bila idhini ya daktari wake wa moyo. Goti si la kuliwekea moyo rehani. Kunywa maji ya kutosha tangu jana yake, mishipa ionekane. Mwezi wa Ramadhani tungeahirisha tu: mfungaji aliyekaukiwa mishipa hujificha, na dawa za maumivu mchana hazimezeki.

Wasiofaa: mwenye chembe sahani chini ya 100,000, mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye saratani ya damu, mwenye homa au maambukizi yoyote, mwenye kidonda au jipu karibu na goti. Anayekunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aamuliwe na daktari anayemfuatilia.

Eksirei ni lazima, na ipigwe ukiwa umesimama. Ya kulala huficha nafasi iliyoziba, na goti la daraja la nne huonekana la pili. Daraja hizo za kulika kwa goti, za madaktari Kellgren na Lawrence tangu 1957, huanzia 0 hadi 4. Mwenye 1 hadi 3 ana sababu ya kujaribu. Mwenye 4, mfupa umekutana na mfupa, pesa yake aiwekee upasuaji wa kubadilisha goti.

Kuchoma kwenyewe ni dakika chache. Mguu umenyooshwa, ngozi imesafishwa kwa klorheksidini au iodini na kuachwa ikauke, sindano inaingia juu ya kifuniko cha goti upande wa nje. Ultrasaundi ni ya kudai, hasa kwa goti nene, kwani sindano inayoishia kwenye mafuta nje ya kiungo itauma sana na isisaidie chochote. Kama goti lina maji, yavutwe kwanza kwa sindano ile ile. Ganzi iishie kwenye ngozi; kuichanganya na PRP kunazidhuru chembe. Kiasi kinachoingia ni mililita 4 hadi 8.

Siku mbili au tatu za mwanzo goti litavimba na kukaza, na wengine husema limekuwa baya kuliko lilivyokuja. Hiyo ni kawaida. Tumia panadoli, diklofenaki isubiri wiki mbili. Sali ukiwa kwenye kiti kwa wiki hiyo, na bibi apumzishe mbuzi ya kukunia nazi, kwa maana kile kikao cha chini goti likiwa limekunjwa ndicho kinacholiponza. Choo cha kuchutama vivyo hivyo. Nyumba za Amu zenye ngazi nyembamba zinazopanda ghorofa mbili zinahitaji mpango: kitanda kishushwe chini kabla mgonjwa hajarudi.

Homa, goti jekundu linalowaka, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu ni dalili za usaha ndani ya kiungo. Ni nadra, lakini hukila kiungo kwa siku chache, na huo ni usiku wa kwenda hospitali bila kungoja asubuhi. Ndiyo maana mtu wa Faza au Kizingitini tungemshauri asipande boti jioni hiyo hiyo. Alale Amu mjini siku mbili tatu, karibu na hospitali. Anayesafiri Malindi hadi Lamu kwa basi, zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, achukue kiti cha kando ya njia, mguu upate kunyooka.

Tukilinganisha na mengine: sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ni rahisi na hufanya kazi haraka, ila kwa wiki chache tu, na mwenye kisukari ataona sukari ikipanda siku kadhaa. Utafiti wa 2017 uliochoma steroidi kila wiki 12 kwa miaka miwili ulikuta gegedu limepungua zaidi kuliko kwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. PRP haipandishi sukari, na hapo inashinda. Lakini zote mbili zinashindwa na kitu kisichouzwa: kuimarisha msuli wa paja. Kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu tano, shusha. Mara kumi, kila mguu, mara tatu kwa siku. Kuinuka kitini bila kushika kitu, vivyo hivyo. Kila kilo unayoipunguza mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma. Wengi huishika kinyume. Asiyefanya haya kwa miezi mitatu tusingemuuzia PRP.

Kwenye malipo, uliza bei ni ya sindano moja au mfululizo, goti moja au mawili, na kama ultrasaundi na hemogramu zimo ndani. Omba pia tone la PRP yako lipimwe kwenye mashine ile ile ya hemogramu kabla ya kuchomwa, na nambari iandikwe kwenye risiti. Inachukua dakika chache. Kisha andika maumivu yako kwa namba, 0 hadi 10, ukishuka ngazi zile zile siku hiyo, na tena baada ya miezi mitatu. Namba isiposhuka kwa angalau mbili, usilipe ya pili.