Tuisheni ya bayolojia Kisauni: mwalimu mzuri sana, chumba ndo tatizo

Kama una mtoto wa fom foo na bayolojia yamsumbua, kuna mwalimu huku Kisauni afundisha baada ya alasiri, mpeleke usisite. Binti yangu yuasoma pale na mie nimeketi nyuma nikasikiliza.

Shuleni alikuwa akariri tu vile viboksi vya herufi vya kupigia hesabu mtoto arithi nini kwa wazazi, bila kujua ni vya nini. Huyu mwalimu kaanza na sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao sisi watu wa Pwani twaujua majumbani. Kila mtu ana jeni mbili, moja ya baba moja ya mama; A ni jeni nzima, S ni ya sikoseli. Baba ana AS, mama ana AS, wote wazima hata hawajui wameibeba S, lakini kila mimba ina asilimia 25 ya kupata mtoto SS ambaye ndo mgonjwa, asilimia 50 AS kama wazazi, na 25 AA. Akakazania hapo kwa KILA mimba, si ati mkishapata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika, manake wengi twafikiri hivo. Mtoto mmoja akauliza mbona jeni mbaya hivo haijaisha miaka yote hii, akajibiwa mwenye AS malaria kali haimpati kirahisi, kwa hivo kwenye malaria nyingi hao ndo waliopona wakazaa. Swali zuri na jibu zuri, mashallah.

Siku ya kromosomu nilitamani mawifi wangekuwepo. Yai la mama lina X tu, mbegu ya baba ndo huja na X (mtoto awa msichana) au Y (awa mvulana), sasa mwanamke kusimangwa ati azaa wasichana watupu ni dhulma na inafaa watoto wetu wa kiume walijue hilo mapema.

Kuhesabu wanyama alitumia ndoo ya kunde, wajifanye ni kaa wa mikokoni kule Tudor. Toa 40 zipake rangi, rudisha, koroga vizuri, chota 50, ukikuta 10 zina rangi basi 40 mara 50 gawa kwa 10, wako kama 200. Halafu akawauliza rangi ikifutika je? Wakafikiria wenyewe mpaka wakaona jibu litakuja kubwa kuliko kaa waliopo. Binti yangu hajalisahau hilo.

Somo la mwili wa binadamu ndo hafifu. Figo na moyo ni michoro ya ubaoni tu, hakuna modeli wala hadubini, na mtihani una prakitiko, kwa hivo hapo msitegemee tuisheni peke yake.

Chumba nacho ni kidogo, feni moja, watoto wamebanana joto hili la Mombasa, na nishawaambia wenye jengo waongeze madirisha hawajafanya kitu. Masomo yaisha karibu na magharibi, mwenye msichana apange tuktuk mapema. Ada mwalipa kwa wiki kwa Mpesa. Mtoto awahi akae mbele, ukiwa nyuma ubao hauonekani.