Sabufa isiyo na flashi: miezi minne nayo, Moshi

Huku kwetu ukisema umenunua sabufa, watu wanaelewa lile boksi lenye rimoti, sehemu ya flashi na spika ndogo zinazochomekwa nyuma. Yangu siyo hiyo. Ni boksi la spika moja ya inchi 10, lina amplifaya yake ndani kwa ajili ya besi tu, basi. Mangi mmoja wa karibu na Double Road alikuwa nalo, yuzidi, limekaa dukani miezi kwa sababu kila mteja anauliza flashi inaingia wapi. Alitaja 250,000, tukavutana mpaka 180,000.

Nyumbani, mtaa wa Soweto, nina amplifaya ya stirio ya Pioneer ya miaka ya 1980 na spika mbili za kuweka rafuni, woofa ya inchi 5. Waimbaji na magitaa vinatoka safi. Tatizo ni chini. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unapiga kama Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika ndogo hivyo huko haifiki. Mpiga besi anasikika kama amekaa chumba cha pili. Kwa mtu wa rumba kama mimi, huo ni msiba.

Kasheshe ikawa kwenye kuunga. Pioneer yangu haina tundu la sabufa. Fundi niliyemwita akachukua waya wa AV, akauchomeka kwenye tundu la kurekodia kaseti. Besi ikatoka, nikafurahi. Usiku nikapunguza sauti: spika zikashuka, sabufa ikabaki pale pale, vyombo vinalia kabatini. Tundu la kurekodia halitii kitufe cha sauti, ndiyo maana. Asubuhi mama mwenye nyumba yuko mlangoni: "Baba, hiyo ngoma yenu inahamisha vikombe vyangu." Nikampigia fundi. "Bosi, ndivyo zilivyo hizi." Haya.

Dawa ilikuwa nyuma ya sabufa yenyewe: vibanio vya waya wa spika, vyekundu na vyeusi, ambavyo fundi hakuvigusa kabisa. Nilizima kila kitu, spika nikaziacha kwenye matundu ya spika ya A nyuma ya Pioneer, kisha kutoka matundu ya B nikavuta waya wa kawaida wa spika, kushoto na kulia, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, mpaka kwenye vile vibanio. Nikawasha A na B pamoja. Niliogopa kuibebesha Pioneer mzigo, lakini pale sabufa inaonja tu sauti. Nguvu ya kusukuma besi inaitoa yenyewe kwenye umeme wa ukutani. Mzigo unabaki zile spika za omu 8. Sasa nikishusha sauti, vyote vinashuka. (Kuna amplifaya zinazounga A na B kwa mfululizo. Kwa hizo spika zitafifia kabisa, kwa hiyo bana nyaya za spika na za sabufa zote pale pale kwenye A.)

Krosova, yaani kile kitufe cha kuchagua sabufa iishie kupiga Hz ngapi, nilianza na 120, mtangazaji wa kiume akawa anaongelea kwenye kona ya sabufa. Nimeishia chini kidogo ya 80. Ile swichi ya fezi, 0 au 180, inayogeuza mwelekeo wa mtetemo wa sabufa ili uende sambamba na spika, mke wangu aliibonyeza huku mimi nimekaa kwenye kochi. Kwetu 180 ilijaza zaidi.

Lakini kilichobadilisha muziki kuliko vyote ni mahali pa kuiweka. Kwenye kona iliunguruma noti moja tu, nyingine zikamezwa. Nikaipandisha juu ya kochi, pale pale ninapokaa, nikaweka rumba, nikatambaa kwa magoti kuzunguka chumba nikitega sikio. Binti yangu: "Baba, umepoteza nini?" Kando ya kabati la TV kila noti ikasikika sawa na mwenzake, sabufa ikahamia hapo.

Kinachoniudhi: ukiiweka kwenye kujiwasha yenyewe, inasinzia ukisikiliza kwa sauti ndogo, besi inapotea katikati ya wimbo. Naiacha imewashwa, nazima kwa mkono. Na umeme ukikatika ukirudi inapiga kishindo kimoja kibaya, hivyo nimeipitisha kwenye kile kifaa cha kulinda friji.

Mangi bado ana nyingine ya inchi 8. Kwa chumba kimoja cha kupanga ningechukua hiyo.