Boni za butiki kama mone: uzoefu wangu hapa Goma

Tangu vita iingie mjini mwisho wa Januari 2025 na banki zikafunga, franka ndogo ndogo zilipotea kabisa, unalipa unga na 5000 wanakuambia mone (chenji) hakuna, ile 700 ya kurudisha watoe wapi. Njo mama wa butiki ya karibu na kwetu, huku Birere, akaanza kutoa boni: kipande cha kartoni, bei imeandikwa na biki, namba, kashe (muhuri) yake na sinyatire. Nimezitumia karibu miezi minne.

Kwake ziko muzuri sana. Hajakataa hata siku moja, nampa boni ya 500 na ya 200 ananipa sabuni na chumvi bila maneno, hata mtoto namtuma nazo. Moja ililowa mvua mfukoni kashe ikafutika, mama akatafuta namba ndani ya kaye (daftari) yake akaiona, akanipa ingine. Hapo njo nilimwamini kabisa.

Inje ya butiki yake sasa, ni shida. Muuza sambaza, samaki wadogo, anazipokea juu yeye pia ananunua unga pale, lakini mtu wa moto (pikipiki ya kubeba watu) alikataa na yuko na haki, atazipeleka wapi? Na kuna butiki ingine ya barabara kubwa, nilikuwa na boni zao za 3500, siku moja nakuta mlango umefungwa, mwenyewe amehama. Mpaka leo sijalipwa. Ile ilikuwa feza ya mboga ya watoto, iliniuma sana.

Wamarekani pia walipita hapo, 1862 ndani ya vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, watu walificha sarafu mpaka wafanyabiashara wakatengeneza vipande vyao vya shaba vya kutumika kama senti moja. New York mwenye baa mmoja, Lindenmueller, alitoa zaidi ya milioni moja, na kampuni ya tramu za farasi ya Third Avenue ilipomrudishia zile ilizopokea kama nauli akakataa kuzibadilisha. Mwaka 1864 Kongresi ikakataza feza za watu binafsi. Niliposoma nikakumbuka 3500 yangu.

Kwa hiyo mbele ya kupokea, uliza kama anaandika kwenye kaye, na kama atarudisha feza ao bintu tu. Mama wetu anarudisha feza ukifikisha boni za 5000. Natoa nyota 4 juu ya 5, ile moja ni juu ya mtu wa moto. Niko na boni tatu bado, 1200, kesho asubuhi nachukua makala (makaa) ya kupikia.