Sufuria ya presha ya umeme na Biblia jikoni: uzoefu wangu wa miezi tisa

Nilinunua sufuria hii Januari 2025, na ninayoandika hapa ni ya miezi tisa ya kwanza, ikipika kila siku isipokuwa Jumamosi. Ni sufuria ya presha ya umeme, lita 6, wati 1000, yenye vitufe mbele na kioo kidogo kinachohesabu dakika. Chapa siitaji, maana zilizopangwa madukani Darajani, hapa mjini Unguja, zinafanana mno. Ukibandua karatasi ya jina hutajua ipi ni ipi. Ninayoyasema yanahusu sufuria za aina hii kwa jumla.

Sababu ya kuinunua ni kwamba nilikuwa nimeacha kusoma Biblia.

Nieleze. Mimi na mama tunakaa Michenzani, ghorofa ya nne. Mama ana presha ya damu, na daktari alituambia jambo moja kwa upole lakini kwa mkazo: chumvi ipungue, mafuta yapungue, maharage, mbaazi na mboga viongezeke. Ushauri mzuri. Ila chakula kinachomfaa mgonjwa ndicho kinachokaa motoni muda mrefu kuliko vyote. Chipsi na muhogo wa kukaanga unaupata kila pembe ya mtaa kwa dakika tano. Maharage makavu kwenye jiko la makaa yalikuwa yakinichukua saa mbili na nusu, na makaa hayakuachii uondoke: upepee, uongeze maji, uyageuze, upepee tena. Nilikuwa narudi kazini saa kumi na moja jioni, na tunapokula saa mbili usiku nimechoka, nanuka moshi, na macho yanawasha. Biblia ilikuwa mezani na utepe wake uko palepale Isaya 40, haujasogea. Iliniuma sana siku nilipougundua huo utepe.

Nilitoa shilingi 165,000. Kwetu hizo si fedha ndogo, na nilizikusanya miezi minne.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Maji yakichemka kwenye sufuria ya kawaida hayapandi joto zaidi ya nyuzi 100. Humu mvuke umefungiwa, presha inapanda, na joto hufika kiasi cha nyuzi 115, ndiyo maana punje ngumu hulainika upesi. Maharage niliyoyaroweka usiku kucha hunichukua hivi: dakika kama 12 presha kupanda, 25 za kupika, na 15 za kuiacha ishuke yenyewe. Jumla dakika 52. Ukisoma maandishi ya kwenye boksi utadhani ni dakika 25, na wengi wanaolalamika kuhusu sufuria hizi wamedanganywa na hesabu hiyo.

Lakini kwangu mimi sifa yake kubwa si haraka, ni kwamba haitaki kuangaliwa. Ukishafunga kifuniko na kubonyeza kitufe, hizo dakika 52 ni zako zote. Mama hukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mimi huvuta kigoda, na tunasoma kwa sauti. Sura moja ya Luka ni dakika saba au nane. Husoma mbili, mara nyingine tatu, kwa sababu mama ana maswali na simkatizi. Mwisho tunaomba, na mara nyingi sufuria hulia tukiwa kwenye «Amina». Kwa njia hiyo tumemaliza Luka, Yohana, Matendo, Danieli na Mwanzo yote, na Isaya nilirudi nikaianzia palepale kwenye utepe.

Biblia yetu ni Union, ile tafsiri ya 1952, nakala ya mama aliyopewa alipopata kipaimara katika kanisa la Kianglikana la Mkunazini. Mama hupenda kunikumbusha kwamba nyuma ya altare ya kanisa lile amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882 baada ya miaka mingi ya kufasiri Maandiko kwa Kiunguja, na kwamba Biblia nzima ya Kiunguja ilitimia 1891. Kwake hiyo ni habari ya nyumbani. Lugha anayonisomea mama ni ile anayopatania bei sokoni, ila hapa na pale hutokea neno la kigeni. Kusemethi, kwa mfano. Limo katika Ezekieli 4:9, kwenye ule mkate wa ngano, shayiri, kunde, dengu na mtama. Tulilizungusha neno hilo jioni nzima, hadi tukaambiwa kwamba ni nafaka ya jamii ya ngano.

Danieli ndiye aliyebadilisha mapishi yetu. Katika sura ya 1, Danieli na wenzake watatu wanakataa chakula cha mfalme na kuomba wajaribiwe siku kumi. Union inasema waliomba mtama tu, na maji ya kunywa. Tafsiri ya Habari Njema inasema mboga. Mama alisimama kwenye neno mtama. «Mwanangu, mtama si upo Darajani? Mbona hatuupiki?» Kesho yake nilinunua kilo moja. Mtama mzima kwenye makaa nisingethubutu. Humu niliuroweka, nikautia maji vikombe vitatu kwa kikombe kimoja cha mtama, dakika 30, ukatoka umeiva, kila punje mbalimbali, una utamu wake wa pembeni. Tunaula kwa mchicha au kisamvu mara mbili kwa juma mahali pa wali mweupe. Sisemi kwamba Danieli aliandikiwa wagonjwa wa presha. Nasema tu kwamba bila kumsoma nisingelinunua mtama.

Sasa mapishi yenyewe, kwa anayetaka kuanza. Maharage na mbaazi usijaze kupita nusu ya sufuria, kwa sababu hutoa povu na povu huziba tundu la mvuke. Tungule (nyanya) na ndimu zisiingie mwanzo. Ukali wake huzifanya punje zikatae kulainika. Tui la nazi liingie mwisho kabisa, kifuniko kimeshafunguliwa, kwa kitufe cha kukaangia, na lisichemke sana, maana ukilitia mapema hukatika na mafuta huelea juu. Mimi natia tui jepesi, la kukamua mara ya pili, kikombe kimoja kwa chungu kizima. Utamu uliokuwa ukitoka kwenye chumvi na tui zito nimeuhamishia kwenye bizari nyembamba, thomu (kitunguu saumu), tangawizi, pilipili manga na ndimu nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate. Nilipokipima kijiko hicho mbele ya mama, akanyamaza. Tulikuwa tukikimaliza kwenye mchuzi wa mchana peke yake.

Choroko haihitaji kurowekwa, dakika 15 basi. Pweza wa kilo moja, ambaye zamani nilimponda kwa mchi mpaka mkono ukaniuma, sasa ni dakika 18 na maji kikombe kimoja tu, kwa kuwa hutoa maji yake. Wala chumvi simtii, anayo ya baharini ya kutosha.

Umeme nimeupima kwenye mita ya Tukuza, yaani ile ya kulipia kabla, nikiwa nimezima kila kitu isipokuwa friji. Chungu cha maharage kinakula kama uniti 0.4. Gharama yake haifiki robo ya nilichokuwa nikitoa kwa makaa ya chungu kilekile. Hili lilinishangaza, kwa sababu wati 1000 zinatisha ukizisoma, lakini ikishapata presha hujizima na kujiwasha yenyewe kwa muda mfupimfupi, haili moto mfululizo.

Kwaresima ya mwaka 2025 nitaikumbuka. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu nyuma. Jengo zima lilikuwa limefunga, nasi tumefunga kwa namna yetu. Alasiri moja ya mvua jirani yangu wa mlango wa pili alibisha hodi na bakuli la mbaazi mbichimbichi. «Shoga, nisitiri. Makaa yamerowa na watoto wangu wamefunga.» Zilikuwa zimebaki saa mbili na nusu kufikia Magharibi. Niliziingiza kwenye sufuria, naye akakaa kusubiri. Sisi tulikuwa kwenye Mwanzo 41, ndoto ya Farao na ng'ombe saba waliokonda. Nilimwuliza kama tunamsumbua, akasema tuendelee, kisa hiki anakijua, kimo katika Sura Yusuf. Basi tukawa wanawake watatu tunasimuliana habari za Yusufu, kila mmoja akiongeza alivyofundishwa, hadi sufuria ikalia. Jioni bakuli langu lilirudi na vipande vya mkate wa kumimina. Mwezi ule wote alikuja Jumatatu na Alhamisi na mbaazi zake.

Yapo yasiyonifurahisha, na sitayaficha.

La kwanza ni umeme kukatika. Kisiwa chetu kinapata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na wenye umri wangu hawajasahau giza la miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi hukatika kwa saa moja au mbili, lakini ukikatika katikati ya mbaazi, sufuria yangu husahau ilipofikia, na inabidi ukisie dakika zilizobaki. Nimewahi kula maharage magumu kwa sababu hiyo. Ukiwa na jiko hili peke yake nyumbani utalala njaa siku moja.

La pili ni ule mpira wa kifuniko. Hushika harufu. Ukipika pweza leo na kesho uji wa mtama, uji utanukia pweza. Nauosha kwa siki na kuuanika juani, inasaidia kidogo. Mwezi wa sita ukalegea, mvuke ukawa unavuja pembeni na presha haipandi. Dukani nilikonunua waliniambia mpira hauna dhamana, wala wao hawauzi mpira mtupu. Nilizunguka siku mbili nikaupata kwa fundi kwa shilingi 8,000. Laiti ningejua ningenunua miwili siku ya kwanza, na nakusihi ufanye hivyo kabla hujatoka dukani: waulize mpira wake uko wapi. Kama hawana, nenda duka jingine.

Halafu usilazimishe kifuniko. Kile kipini kidogo cha juu kikiwa kimesimama, ndani bado kuna presha ya kukuunguza uso. Subiri kianguke chenyewe. Wenye watoto wadogo waiweke mbali na ukingo wa meza.

Wali wa nazi sikuupenda. Unaiva, sikatai, lakini unatoka umenyongea na hauna ile harufu ya wali uliopaliwa makaa juu ya kifuniko. Mama aliuonja mara moja, akasukuma sahani kwa adabu. Na samaki wa kuchoma huwezi kumpata humu kwa namna yoyote.

Ndiyo maana Jumamosi inapumzika. Asubuhi nashuka diko la Malindi, naleta changu au tasi, nampaka ndimu, thomu na pilipili, na jioni nawasha jiko la makaa kwenye roshani. Wali napalia. Jumamosi baada ya Pasaka tulisoma Yohana 21 tukiwa palepale motoni, mama amefunikwa kanga kwa ajili ya upepo. Mitume wamevua usiku kucha hawakupata kitu, na alfajiri wanamkuta Bwana pwani amekwisha kuwasha moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mama akanizuia. Akasema moto wa makaa umeshatajwa huko nyuma. Nilifungua nikatafuta, tukaupata sura ya 18, mstari wa 18: Petro anaota moto wa makaa na watumishi uani, usiku ule wa baridi aliomkana Bwana wake. Baadaye nilimwuliza kasisi, akasema katika Kigiriki cha Agano Jipya neno hilo liko mahali pawili tu, hapo pawili.

Miaka yote nimepepea makaa sikuwahi kuliona hilo. Mama aliliona kwa sababu siku hizo tulikuwa tunasoma kila jioni, na sura ya 18 ilikuwa bado mpya masikioni mwake. Nilimgeuza samaki, ngozi imeshakauka vizuri upande mmoja, na mama akasema nirudie tena pale Yesu anapowaambia njoni mfungue kinywa.